Kiota cha Nyigu Juu ya Mlango wa Jikoni

Kwa muda wa wiki 6 hivi mwaka jana, familia yetu ilipita kila siku chini ya kiota cha nyigu bila mtu hata mmoja kuumwa. Kilining'inia kwenye fisha bodi, juu kidogo ya mlango wa nyuma wa jikoni, katika nyumba yetu hapa Morogoro, na ukubwa wake haukuzidi kiganja cha mtu mzima. Tulikiona, tukakizoea, tukawa tunaambizana kwamba mwisho wa mwezi tutakiondoa. Siku tuliyoamua kukiondoa ndiyo siku aliyoumwa Mama, na kwa kuwa nimeona majirani wawili wakijiandaa kufanya kosa lilelile tulilolifanya sisi, nimeona nisikae kimya.

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri. Mdogo wangu alifunga matambara kwenye ncha ya mti mrefu, akayalowesha mafuta ya taa, akawasha. Ndivyo tulivyowaona wakubwa wakifanya tangu tukiwa watoto, na hatukuwa na sababu ya kudhani kuna njia nyingine. Moto ulipofika kwenye kiota, nyigu kadhaa waliungua palepale, lakini wengine waliruka kabla ya kuguswa, na wale waliokuwa wametoka kuwinda walikuwa wakirejea mmoja mmoja na kukuta moshi mahali pa makazi yao. Mama alikuwa ameketi barazani, hatua 8 hivi kutoka mlangoni, akichambua kunde. Hakuna aliyekumbuka kumwambia aingie ndani. Aliumwa mara mbili, shingoni na nyuma ya sikio.

Mwanzoni alisema ni maumivu tu yatakayopita. Haikutimia robo saa, midomo yake ilikuwa imevimba, mikono imetoka vipele vipana vyenye kuwasha, na sauti imebadilika, akaniambia, "Mwanangu, koo linanibana." Tulimpakia kwenye bajaji tukamkimbiza hospitali, ambako alichomwa sindano ya adrenalini pajani, akapewa oksijeni, akalazwa usiku mmoja kwa uangalizi. Huku nyuma, ubao wa fisha bodi ulikuwa umeshika moto ukielekea kwenye kenchi, na jirani yetu ndiye aliyeuzima kwa ndoo za maji. Mama ni mzima leo, namshukuru Mungu. Hata hivyo, ukweli ambao nimelazimika kuukubali ni kwamba kiota kile hakikuwa kimemdhuru. Kilichomdhuru ni namna yetu ya kukiondoa.

Tangu hapo nimesoma, nimewauliza mabwana shamba na mafundi, na zaidi ya yote nimekaa nikiwatazama wadudu hawa kwa subira. Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba neno moja, nyigu, tunalitumia kwa viumbe ambao tabia zao zinatofautiana sana, na kwamba anayetaka kuondoa kiota bila kujua ni cha nani anaanza kazi akiwa gizani.

Wale waliokuwa juu ya mlango wetu ni nyigu wa kundi ambalo wataalamu huliita Belonogaster, ambao katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki ndio tunaowakuta zaidi chini ya paa. Ni wembamba, wana rangi ya kahawia iliyokolea, miguu huning'inia wanaporuka, na kati ya kifua na tumbo wana kikonyo kirefu. Hicho ndicho "kiuno cha nyigu" ambacho washairi na waimbaji wetu hawachoki kukisifu. Kiota chao ni sega moja la wazi lisilo na kifuniko, vijumba vikiwa vimeelekea chini, na sega lote limeshikwa na kikonyo kimoja tu. Wanalijenga kwa karatasi wanayoitengeneza wenyewe: wanakwangua nyuzi za mbao kavu iliyochakaa, wanazitafuna zikachanganyika na mate, kisha wanazitandaza zikauke. Ukitazama vizuri nguzo za uzio ambazo hazijapakwa rangi utaona michirizi myembamba myeupe. Hayo ni machimbo yao. Kikonyo kinachoshika sega hupakwa majimaji yatokayo mwilini mwao ambayo sisimizi hawayapendi, kwa sababu sisimizi na siafu ndio maadui wakubwa wa mayai na mabuu yao.

Wanaouma ni majike peke yao, kwa kuwa mwiba wa nyigu asili yake ni kiungo cha kutagia mayai. Tofauti na nyuki wa asali, ambaye mwiba wake hunasa kwenye ngozi naye akafa, nyigu huuchomoa na anaweza kuuma tena na tena. Lakini haumi ovyo. Niliposimama kwa mbali nikitazama kiota kingine, niliona kwamba ukisogea karibu mno nyigu wote hukugeukia kwa wakati mmoja, wakainua mabawa na kunyanyua kifua. Hilo ni onyo, na anayelielewa hurudi nyuma polepole, bila kupunga mikono. Anayepiga kofi hewani au kumponda mmoja juu ya ukuta hujiongezea hatari, kwani kwa baadhi ya nyigu wanaoishi kwa jamii harufu ya sumu yenyewe ndiyo inayowaamsha wenzao.

Mwingine ni dudu mfinyanzi, na huyu namtetea kwa nguvu zangu zote. Anaishi peke yake, hana jamii ya kuilinda, na ni nadra sana kumuuma mtu asipokamatwa mkononi au kubanwa ndani ya nguo. Hubeba udongo wenye maji, donge moja baada ya jingine, akajenga vijumba ukutani, nyuma ya picha, kwenye pindo la pazia au pembeni mwa dirisha. Wapo wanaojaza vijumba hivyo buibui, wapo wanaojaza viwavi. Mawindo hayo huchomwa sumu inayopooza bila kuua, ili buu atakapoanguliwa akute chakula ambacho hakijaoza. Bibi yangu hakuruhusu mtu abomoe nyumba ya dudu mfinyanzi mpaka aone tundu la duara, dalili kwamba mtoto amekwisha kutoka, na sasa naona alikuwa na busara, kwa kuwa baada ya tundu hilo kuonekana kinachobaki ni udongo tu, ambao huondolewa kwa kisu butu na kitambaa chenye maji.

Kitu kimoja tu kuhusu mfinyanzi na jamaa zake hakipaswi kupuuzwa: wanapenda matundu. Huziba kitasa, bomba la kutolea maji yaliyozidi kwenye tangi, hata vitundu vya jiko la gesi lililokaa bila kutumika. Mnamo tarehe 6 Februari 1996 ndege aina ya Boeing 757 ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, katika Jamhuri ya Dominika, na watu wote 189 waliokuwamo wakafariki. Wachunguzi waliona kwamba mrija unaopima mwendo ulikuwa umeziba, na aliyeshukiwa zaidi ni mdudu wa aina hii, kwa sababu ndege ilikuwa imeegeshwa siku kadhaa bila mirija hiyo kufunikwa. Bila shaka nyumba si ndege, lakini tangu niliposoma habari hiyo sijawahi kuwasha jiko la gesi lililokaa muda mrefu bila kukagua vitundu vyake kwanza.

Wa tatu si nyigu kabisa, ni nyuki. Ukiona wadudu wengi wakiingia na kutoka kwenye ufa mmoja wa ukuta au ndani ya dari, na ukisikia mvumo mzito unapoweka sikio, usijaribu lolote katika haya nitakayoyaeleza. Kundi la nyuki lina maelfu kwa maelfu, na kazi hiyo ni ya mfugaji nyuki mwenye mavazi na bomba la moshi.

Tukirudi kwa nyigu wa sega, swali la kwanza ambalo sisi hatukujiuliza ni kama kiota kinahitaji kuondolewa. Bustani yangu ndogo ya mchicha, figiri na nyanya ipo nyuma ya nyumba, na asubuhi yoyote ninayokaa pale huwaona nyigu wakipita jani kwa jani, wakikagua upande wa chini, hadi mmoja anapompata kiwavi, anamtafuna akawa donge la kijani, kisha anaruka nalo kwenda kuwagawia mabuu. Katika nchi ambayo tangu mwaka 2017 wakulima wa mahindi wanahangaika na viwavijeshi vamizi, mimi siwezi tena kumwita mdudu huyu adui. Wapo pia nyigu wadogo mno, wasiojenga kiota wala kuuma watu, waliookoa chakula cha mamilioni: vidung'ata, wadudu wanaofyonza utomvu wa mimea, walipoanza kuangamiza mihogo barani Afrika, wataalamu waliwafuata nyigu wa aina hiyo hadi Paraguay, wakaanza kuwaachia mashambani Nigeria mwaka 1981, na Hans Herren aliyeongoza kazi hiyo akapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Kwa hiyo nimejiwekea kanuni yangu. Kiota kilicho juu mtini, au kwenye pembe ya paa ambako hakuna anayepita, nakiacha. Maisha yake ni ya miezi tu, na kikishahamwa kinabaki karatasi kavu. Kiota kilicho juu ya mlango, karibu na kamba ya kuanikia nguo, kwenye boksi la LUKU, ndani ya bomba la geti, au mahali popote ambapo watoto wanakifikia kwa mawe na manati, nakiondoa, na nakiondoa mapema. Nyumba yenye mtu ambaye amewahi kuvimba mwili mzima baada ya kuumwa haina nafasi ya kusubiri hata kidogo.

Neno mapema ndilo kiini cha mambo. Kiota huanzishwa na jike mmoja au majike wachache, kikiwa na vijumba vitatu au vinne, vidogo kama kifungo cha shati. Wakati huo, ukisubiri mwenyewe atoke kwenda kuwinda, unaweza kukiangusha kwa ufagio mrefu na kukwangua kikonyo kilichobaki, na kazi ikaisha kwa dakika moja. Ukikiacha kwa muda mrefu, mabuu wa kwanza watakuwa wamekua, nyigu wa kukilinda wameongezeka, na kazi ile ya ufagio imekuwa hatari. Kila Jumapili asubuhi mimi huzunguka nyumba nikitazama chini ya fisha bodi, kwenye fremu za madirisha, nyuma ya dishi, ndani ya boksi la umeme na kwenye ncha za mabomba ya geti ambazo fundi aliziacha wazi. Wakati wa mvua huzunguka mara mbili kwa wiki, kwa sababu viwavi wanapokuwa wengi ndipo ninapokuta vioto vipya vingi zaidi.

Kiota kikubwa tayari, kilicho karibu na ardhi kiasi cha kufikiwa bila ngazi, huondolewa usiku. Giza likiingia nyigu wote huwa wamerejea na wametulia juu ya sega, nao hawaruki kwa urahisi. Watoto na wazee wawe ndani, madirisha yamefungwa. Vaa mikono mirefu, suruali nene iliyochomekwa kwenye soksi, glavu, na chandarua kilichokunjwa juu ya kofia pana ili kisiguse uso. Tochi usiishike, kwa kuwa nyigu aliyeshtuka huruka kuelekea penye mwanga; iweke chini, mbali nawe, na ukiifunika kwa kitambaa chekundu ni bora zaidi, maana wadudu hawa hawaioni vizuri rangi nyekundu. Kisha tumia maji yenye sabuni nyingi ya kuoshea vyombo, yakirushwa kwa wingi na kwa kasi kutoka kwenye bomba la kupulizia lililo safi. Nyigu hupumua kwa vitundu vilivyo ubavuni mwa miili yao. Maji matupu huteleza yakaviacha wazi, lakini sabuni huyafanya maji yapenye, na mdudu hufa haraka. Asubuhi angusha sega, kwangua kikonyo, sugua mahali hapo, kwa sababu waliosalia hupenda kuanza upya palepale.

Dawa ya kopo inafanya kazi pia, hasa zile zenye asili ya pareto, zao linalolimwa kwenye nyanda zetu za juu kusini, au jamii yake ya viwandani. Lakini gesi inayoisukuma hushika moto, hivyo isipulizwe karibu na jiko la mkaa, mshumaa au kibatari, na isipulizwe juu ya bwawa au pipa la samaki, kwa maana dawa za jamii hiyo ni sumu kali kwao. Dawa za shambani, zile za kununuliwa kwa vipimo na kuchanganywa kwenye chupa za soda, naomba zisiingizwe nyumbani kwa kazi hii hata kama ni za bei rahisi.

Ngazi ni suala jingine. Mtu akiwa juu ya ngazi na nyigu wakamjia usoni, hatashuka, ataruka, na mfupa uliovunjika ni shida kubwa kuliko kuumwa. Kiota kinachohitaji ngazi nampa fundi mwenye vifaa, au nakiacha. Na moto, kwa namna yoyote ile, iwe mwenge, petroli au gazeti lililokunjwa, sitaki kuuona tena chini ya bati lenye kenchi kavu. Ikitokea umeshika, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Baada ya fisha bodi yetu kubadilishwa, niliipaka rangi ya mafuta mikono miwili. Mbao iliyopakwa rangi haiwapi nyigu nyuzi za kukwangua, na nyufa zilizozibwa haziwapi pa kujificha. Matundu ya hewa niliyawekea wavu wa mbu, ncha za mabomba ya geti nikaziziba kwa saruji. Vioto havijakoma, lakini vimepungua sana upande wa nyumba.

Kuhusu mtu aliyekwisha kuumwa, nieleze kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo nilipokuwa mjinga kuliko popote. Mwondoe mahali pale kwanza. Osha palipoumwa kwa maji na sabuni, kisha weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, au maji baridi kwa dakika 10 hivi, ukirudia kadiri inavyohitajika. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba. Ukikuta mwiba umebaki kwenye ngozi, aliyeuma alikuwa nyuki, na mwiba huo ukwanguliwe upesi. Dawa ya kumeza ya mzio kama setirizini hupunguza muwasho. Uvimbe wa mahali palipoumwa unaweza kuendelea siku mbili tatu, hata mkono mzima ukanenepa, na hilo peke yake si la kutisha. Mafuta ya taa na dawa ya meno havisaidii; mafuta ya taa huiunguza ngozi.

Kinachotisha ni mwili kuitikia mbali na mahali palipoumwa: vipele kutapakaa, midomo au ulimi kuvimba, sauti kukwaruza, kifua kubana, kutapika, kizunguzungu, mtu kupauka au kuzimia. Hapo hakuna tena kusubiri wala kunywesha chai ya tangawizi. Mlaze chali miguu ikiwa juu, au mwache akae ikiwa anapumua kwa shida, usimsimamishe wala kumtembeza, na mpeleke hospitali papo hapo, ukisema tangu mapokezi kwamba ameumwa na nyigu na mwili unavimba. Tiba yake ni adrenalini; vidonge vya mzio havitoshi. Aliyeumwa mara nyingi, hasa mtoto, apelekwe hata akiwa anaonekana mzima, kwa sababu sumu nyingi inaweza kudhuru misuli na figo baadaye. Aliyeumwa mdomoni au kooni naye apelekwe, na kwa sababu hiyo tumeacha kabisa kunywa soda nje kutoka kwenye kopo la bati lisiloonekana ndani.

Daktari alituambia kwamba Mama, akiumwa tena, anaweza kupata hali ileile au mbaya zaidi. Tumeandika hilo kwenye karatasi iliyomo ndani ya mkoba wake, pamoja na namba za simu zetu sote, na kila mtu nyumbani, hata mtoto wa darasa la tatu, anajua dalili zile kwa moyo.

Amerudi kuketi barazani. Ilichukua miezi miwili kabla hajakubali, na kila nyigu aliyepita ulimuona ameacha kunde mkononi akimfuata kwa macho. Wiki iliyopita nilikuta kiota kipya ndani ya boksi la LUKU, vijumba vinne, jike mmoja. Nilisubiri aondoke, nikakiangusha kwa ufagio, nikakwangua kikonyo. Kile cha kwenye mwarobaini, mwisho wa bustani, bado kipo. Mama ndiye aliyeniambia nisikiguse, kwa kuwa mwaka huu figiri yake haijatobolewa.